Kahawa nzuri inaanza mkononi mwa mchumaji

Tangu FRPI na serikali walipotia sahihi mapatano ya amani kule Gety, tarehe 28 Februari 2020, familia zilizorudi Aveba huuliza kama inafaa kupanda tena kahawa. Amani bado ina matundu. Na mbuni hudai miaka mitatu hivi kabla ya mavuno ya maana. Mimi nasema panda, lakini using'oe maharagi na ndizi. Migomba itaipa miche kivuli, na watoto watakula wakati wa kungoja.

Kahawa ya ubora wa pekee ni ile ambayo waonjaji wameipa alama 80 au zaidi kwa 100. Arabika ya vilima vyetu inaweza kufika huko, ila wengi wetu tunaipoteza siku ya kuchuma. Tunda jekundu lina utamu. La kijani lina uchungu, na machache tu yanaharibu gunia zima. Chuma mekundu peke yake, rudi tena baada ya siku kadhaa. Tia matunda majini, toa yanayoelea. Yamenye siku hiyohiyo, acha mbegu zichachuke usiku kucha, zioshe mpaka utelezi uishe, kisha zianike juu ya meza ya wavu, si chini kwenye udongo. Zigeuze mara nyingi, zifunike mvua ikinyesha.

Kwa nini basi watu huchuma kijani? Kwa sababu ya ada ya shule. Mchuuzi hufika na pesa mti ukiwa bado na maua, na baba anauza mavuno ambayo hajayaona. Hapo ubora umekwisha kabla ya kuanza, maana tunda si lake tena. Naona kanisa lenye sanduku dogo la kukopeshana lingesaidia hapa kuliko semina tatu.

Udongo nao unahitaji chakula. Maganda yaliyomenywa yaoze na majani, yarudi shinani. Yakitupwa mtoni yanachafua maji ya jirani. Kwenye mteremko, funika udongo kwa nyasi kavu. Wenye robusta huko chini wawe macho na ugonjwa wa kunyauka, ule ulioangamiza mashamba ya kaskazini-mashariki mwa Kongo na kuonekana Uganda mwaka 1993: mti mgonjwa ung'olewe na kuchomwa palepale, panga lisafishwe. Ila mti mzima usikatwe ovyo. Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza jeshi kuharibu miti ya matunda hata vitani, na sisi tumeona mashamba yakifyekwa kwa hasira tu.

Mashine moja ya mkono ya kumenya inaweza kutumikia familia kadhaa. Anayeingia katika kikundi cha namna hiyo aulize kwanza nani anashika mizani na daftari, na jina la mama liandikwe humo pamoja na la baba, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayechuma.