Kipimo cha Biashara na Kiinua Mgongo Chako



Mwajiri akitaka kupunguza watu, siku hizi huenda akaleta kwanza mtaalamu mwenye karatasi ya maswali. Wapenda kujaribu jambo jipya? Ukishindwa, hurudia? Kisha unapewa alama, unaambiwa kama una kipawa cha kuanzisha biashara yako. Kipimo cha namna hii si uchawi. Kina asili yake.

David McClelland, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard huko Marekani, alitoa kitabu mwaka 1961 akisema maendeleo ya nchi yanategemea sana watu wenye hamu ya kufanikiwa kwa jitihada zao. Mchezo mmoja wa kuipima hamu hiyo ni kutupa pete kwenye kijiti. Mchezaji huchagua mwenyewe pa kusimama. Mmoja husogea karibu kabisa asikose, mwingine huenda mbali akitegemea bahati. Mwenye hamu hiyo, alisema, husimama katikati, penye ugumu lakini panapowezekana.

Mwaka 1964 mafunzo yake yalijaribiwa katika mji wa Kakinada, India, na waliofunzwa walionyesha bidii kubwa zaidi ya kuanzisha na kupanua shughuli kuliko wenzao. Hilo tusilibeze. Lakini wale walikuwa wafanyabiashara tayari, si watu walioachishwa kazi.

Mimi mchezo wa pete naukubali nusu. Pete ikikosa kijiti, unaiokota. Kiinua mgongo cha miaka 19 kikipotea, utakiokota wapi? Anayesimama karibu pengine si mwoga, ana watoto watano.

Katika shamba moja la chai, mashine za kuchumia zilipoletwa, ndugu yetu mmoja wa kiwandani alipata alama za juu. Akasifiwa, akatia sahihi siku hiyo hiyo, kabla siku zake za likizo hazijahesabiwa. Akafungua duka kambini: sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Hesabu alizijua, alfajiri alikuwa macho. Juu yake kipimo hakikukosea. Ila wanunuzi wake walikuwa wale wale waliopunguzwa pamoja naye. Walikopa, akaandika, wengine wakarudi makwao na deni. Duka halikumaliza mwaka. Daftari lile nimelishika mwenyewe, na karibu kila jina nalifahamu.

Karatasi ile haikuuliza nani atanunua, wala fedha zitatoka wapi kambi ikikosa mshahara. Maswali hayo tuyaulize sisi, tena kwa sauti.

Wakija kwenu, mwiteni mjumbe wa chama kabla ya kuandika jina. Likizo, notisi na kiinua mgongo vihesabiwe kwanza, kila mtu apewe hesabu yake mkononi, aende nayo nyumbani akazungumze na wenzake. Siku ya kupimwa isiwe siku ya kutia sahihi.