Kimbunga Hakijui Mpaka: Elimu ya Anga, Mamlaka ya Taifa na Watumishi wa Mashirika ya Kimataifa

Ndugu msomaji anayesoma makala haya huku Choma, Mkoa wa Tabora, ana haki ya kutuuliza maswali mawili. La kwanza: sisi wakulima wa pamba, mpunga na mahindi tunahusikaje na kimbunga kinachozaliwa baharini, mamia ya kilomita mashariki yetu? La pili: serikali inapomfukuza mtumishi wa shirika la kimataifa, imelinda uhuru wake au imejitoboa macho? Maswali haya yana udugu. Yote mawili yanahusu habari: nani anaiona, nani anaimiliki, na nani anaumia inapokosekana.

Kimbunga ni nini

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi. Maji hugeuka mvuke, mvuke hupanda na kuwa mawingu, na joto linalotolewa huko juu hupunguza mgandamizo wa hewa chini. Hewa ya pande zote hukimbilia pale penye mgandamizo mdogo, na kwa sababu dunia inazunguka, hewa hiyo nayo hupinda na kuanza kuzunguka. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo mno. Ndiyo maana Tanzania, iliyopo kati ya nyuzi 1 na karibu 12 kusini mwa ikweta, hufikiwa na vimbunga mara chache. Lakini mara chache si kamwe.

Tena, kimbunga hakihitaji kufika nchi kavu ili kitufikie. Kikisimama mashariki ya Madagaska, mara nyingi huvuta upepo wa magharibi wenye unyevu kutoka misitu ya Kongo, ukavuka Ziwa Tanganyika na kuongeza mvua katika mikoa yetu. Kikiingia katika Mlango wa Msumbiji, chaweza kuuvuta unyevu kwenda kwake na kutuachia siku za ukavu. Mkulima wa Choma, mwenye msimu mmoja tu wa mvua kati ya Novemba na Aprili, anapoona mbingu imebadilika ghafla, huenda anaona kivuli cha jambo linalotendeka baharini.

Njia ya misafara na habari iliyochelewa

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar. Merikebu za Sultani Barghash zilizama bandarini na mikarafuu ya Unguja iling'olewa, wakati ile ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Tokea hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Wakati huo huo, huku Unyanyembe, Mirambo alikuwa vitani na wafanyabiashara Waarabu waliotaka kuishika njia ya misafara. Habari kutoka pwani hadi Tabora ilisafiri kwa miguu ya wapagazi, safari ya miezi miwili au mitatu. Hakuna aliyeonywa pwani, na bara ilijua baada ya maafa kupita. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi.

Linganisha na Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilifuatiliwa tangu kilipokuwa mgandamizo mdogo tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo, vyombo vya baharini vikasimamishwa, na tarehe 4 Mei kimbunga kikafika Mafia kikiwa kimekwisha dhoofika. Mvua iliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, na hasara ilikuwapo. Lakini wananchi walijua siku kadhaa kabla.

Anayekiona kwanza

Jicho la kwanza ni satelaiti. Tangu miaka ya 1970 wataalamu hutumia njia iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak: hutazama umbo la mawingu katika picha, na kwa umbo hilo hukadiria nguvu ya upepo. Kwa bahari yetu, kituo cha kanda kiko katika kisiwa cha Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Upepo ukifikia kilomita 63 kwa saa dhoruba hupewa jina. Ukizidi 118 huitwa kimbunga kamili. Jina hutolewa na Madagaska au Morisi, kulingana na mahali ilipo dhoruba.

Hapa tuone ukweli wa kisiasa. Satelaiti si zetu, na kituo cha kanda si chetu. Kinachotuwezesha kupata habari hiyo ni makubaliano ya nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwamba takwimu za lazima kwa usalama wa watu zitolewe kwa wote bila malipo. Nasi twachangia vipimo vya vituo vyetu. Huu ni ushirikiano wa kweli, na unategemea kuaminiana.

Mgogoro wa watumishi waliofukuzwa

Mei 2020, siku chache kabla ya uchaguzi na katikati ya ugonjwa wa korona, jirani zetu wa Burundi waliwaamuru mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wataalamu watatu waondoke nchini. Tarehe 30 Septemba 2021 Ethiopia iliwapa maofisa saba wa Umoja wa Mataifa saa 72 waondoke, ikiwatuhumu kuingilia mambo ya ndani. Katibu Mkuu António Guterres alipinga, na suala likafika Baraza la Usalama.

Hoja za pande mbili ni hizi. Serikali husema: nchi huru ina haki ya kumkataa mgeni anayevunja heshima yake. Umoja wa Mataifa husema: haki ya kumtangaza mtu kuwa hatakiwi, iliyomo katika Mkataba wa Vienna wa 1961, yawahusu mabalozi, ambao hutumwa na nchi moja kwa nyingine. Mtumishi wa Umoja hakutumwa na nchi yoyote. Ibara ya 100 ya Katiba ya Umoja humkataza kupokea amri ya serikali yoyote, na huzikataza serikali kumshawishi.

Lakini tusisahau upande wa pili wa sheria hiyo. Mkataba wa 1946 unasema kinga ya mtumishi ni kwa faida ya Umoja, wala si mali yake binafsi, na Katibu Mkuu anawajibika kuiondoa inapozuia haki. Njia basi ipo: toa ushahidi, dai hatua. Ndicho alichokidai Guterres kwa Ethiopia mbele ya Baraza tarehe 6 Oktoba 2021: maandishi ya tuhuma.

Huko Burundi ugonjwa haukuondoka pamoja na wataalamu. Mwaka huo huo serikali mpya ilimwita korona adui mkubwa na kuanza kampeni ya upimaji.

Funzo la 1977

Tusiwanyoshee wengine kidole tu. Afrika Mashariki ilikuwa na Idara moja ya Hali ya Hewa, makao makuu yake Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, watumishi walirudi makwao na kila nchi ikaanza upya. Mawingu ya Ziwa Viktoria hayakugawanywa. Waliogawanyika ni watu waliokuwa wakiyapima.

Wajibu wetu

Kwanza, tuimarishe vyombo vyetu wenyewe. Rada za Dar es Salaam, Mwanza na Mtwara ni hatua ya kweli ya kujitegemea. Pili, tutofautishe kosa la mtumishi na kazi ya shirika: kosa lishughulikiwe kwa sheria, kazi iendelee. Tatu, kila kada ahakikishe taarifa ya hali ya hewa haiishii ofisini, bali inafika kwa mkulima kwa lugha anayoielewa. Mwaka 1872 habari ilichelewa kwa sababu ya miguu. Leo ikichelewa, itakuwa imecheleweshwa na sisi.