Dawa ya Mbu Nayo Ina Sheria



Hapa Sumbawanga mjini baridi hupunguza mbu, lakini tukiteremka bonde la Ziwa Rukwa joto huzidi, na malaria nayo huzidi. Ndiyo maana wengi wetu hununua dawa za kuulia wadudu. Je, tunakijua tunachokinunua?

Nchini mwetu dawa hizi, yaani viuatilifu, ni lazima zisajiliwe kabla ya kuuzwa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya taasisi ya TPRI, Arusha. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ikaikabidhi kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA).

Kwa nini kuwe na sheria? Kwanza, dawa ni sumu. Ile ya shambani haikupimwa ili ipulizwe chumbani alimolala mtoto. Pili, dawa ikitumiwa ovyo, mbu dhaifu hufa na wale sugu hubaki wakazaana. Mwisho hata chandarua chenye dawa hupungukiwa nguvu, na anayeumia ni kijiji kizima.

Basi tusinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda. Tusome kibandiko, tutazame namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chandarua tusikifulie mtoni, kwani dawa yake hudhuru samaki. Tukiwa na shaka, tumuulize afisa afya.

Kujikinga na maradhi ni wajibu wetu, na dini yetu inatukataza kujidhuru na kumdhuru jirani.