Daktari wa picha anayetibu: tiba radiolojia ilivyoanza Muhimbili

Mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi kutoka Iwawa, wilayani Makete, anaweza kupigwa ultrasaundi bila kwenda mbali sana na nyumbani. Shida ni pale picha inapoonyesha uvimbe umebana mirija ya mkojo na figo zimejaa. Mkojo usipotolewa, figo zinakufa. Figo zikifa, hata dawa za saratani inakuwa vigumu kumpa.

Tiba yake si lazima iwe upasuaji mkubwa. Daktari wa radiolojia anamchoma ganzi mgongoni, anaangalia ultrasaundi huku anaingiza sindano ndefu mpaka kwenye figo, kisha waya mwembamba, kisha mrija wa kutoa mkojo nje. Mara nyingi mgonjwa anakuwa macho. Hii ndiyo tiba radiolojia: daktari haishii kusoma picha, anaitumia kuongoza mkono wake. Nyongo iliyoziba na usaha uliojikusanya tumboni hutolewa kwa njia hiyo hiyo.

Mpaka 2018, Tanzania yenye watu zaidi ya milioni 50 haikuwa na daktari aliyebobea kwenye fani hii.

Hapo anaingia Frank Minja, Mtanzania bingwa wa radiolojia ya ubongo aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Yeye na Fabian Laage Gaupp, ambaye wakati huo alikuwa bado anasomea ubingwa hapo hapo Yale, walikuwa miongoni mwa walioanzisha mradi wa Road2IR pamoja na madaktari wa Muhimbili.

Wangeweza kufanya kama wageni wengi: kuja wiki mbili, kutibu, kupiga picha, kuondoka. Wao walitaka Watanzania waifanye kazi hiyo wenyewe. Timu zikaanza kuja kwa zamu, na kila timu ilikuwa na daktari, muuguzi na mtaalamu wa mionzi. Hapo walifikiri vizuri, maana muuguzi asiyejua waya upi unafuata anakwamisha kazi sawasawa na mashine mbovu.

Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, MUHAS, kikaanzisha shahada ya uzamili ya miaka miwili. Wahitimu wa kwanza walimaliza 2021.

Sehemu isiyoonekana sana ni makaratasi. Mtaala lazima upitishwe. Waya na mirija, ambayo mingi hutumika mara moja tu, lazima ipatikane. Wagonjwa wanahesabiwa: wangapi walipona, wangapi walipata matatizo. Matokeo hayo yalichapishwa kwenye majarida ya kitabibu, na hospitali nyingine inayotaka kuanza inaweza kuyasoma na kujua itegemee nini.

Kwa mtu wa Makete, bado kuna safari. Kutoka Iwawa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700. Tofauti ni kwamba sasa akifika Muhimbili, daktari wa kumwekea mrija yupo.