Ubao, mwanzi na mzigo

Ubao umewekwa juu ya kijito, mtu anasimama katikati. Ubao unapinda: upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa, lakini kiini chake hakifanyi kazi kubwa. Ndiyo sababu mwanzi, ulio mtupu ndani, ni mwepesi tena mgumu. Fimbo ya chuma ikitobolewa tundu lenye nusu ya upana wake, toka mwisho hata mwisho, uzito unapungua robo. Ugumu unapungua sehemu 1 tu katika 16.

Fundi anahesabu mbele ya kujenga. Ubao wa sentimeta 20 kwa 5, ukilazwa, unapinda mara 16 kuliko ukisimamishwa kwa ubavu. Na urefu? Hapo ndipo penye hatari. Ubao wa meta 2 ukibadilishwa kwa wa meta 4, wenye unene ule ule, mzigo ule ule utaupinda mara 8. Anayedhani ni mara 2, watu wake wataanguka majini.