Kasiba Mpya Ndani ya Kasiba Kuukuu: Kweli au Si Kweli?

Kasiba ya bunduki ikishalika, mwenyewe huambiwa mengi na watu wasiowahi hata kuifungua boliti yake. Ipo njia ya kuiokoa: fundi huipekecha kasiba, akatia ndani mrija wa chuma wenye mifuo mipya, akaushika kwa lehemu au gundi maalumu, na bunduki ikawa ya risasi ndogo za .22. Hapo ndipo maneno huanza.

Kasiba iliyolika ni ya kutupwa. Si kweli. Baada ya Vita vya Makaburu (1899–1902) Uingereza iliona aibu ya ulengaji mbovu wa askari wake, na jemadari wake, Lord Roberts, akahimiza vilabu vya shabaha. Risasi za .303 zilikuwa ghali na zilihitaji uwanja mrefu; za .22 zilitosha hata ukumbini. Kampuni ya A. G. Parker ya Birmingham, baadaye Parker-Hale, ikajipatia jina kwa kutia mirija ndani ya kasiba zilizolika, kazi iliyoiita Parkerifling. Nyingi kati ya bunduki zilizotiwa mirija zilikuwa Lee-Enfield, ukoo mmoja na zile walizobeba askari wa Keya (King's African Rifles).

Mrija ukiingia, kazi imekwisha. Si kweli, na hili ndilo kosa la wengi. Okota ganda la .303 lililokwishapigwa: kishimo kipo katikati ya kitako, kwenye fataki. Sasa okota la .22: alama iko pembeni, kwenye ukingo. Risasi hii haina fataki ya peke yake; dawa ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo uliokunjwa. Sindano ya Lee-Enfield ikigonga katikati, itabonyeza shaba tu na baruti isiwake. Kwa hiyo kichwa cha boliti hubadilishwa ili sindano ipige ukingoni, na kile kidole kinachovuta ganda nacho hutengenezwa upya. Mrija wa Morris wa miaka ya 1880, uliochomekwa ndani ya Martini-Henry na kutolewa, uliepuka taabu hii kwa sababu risasi zake ndogo zilikuwa na fataki katikati.

Mrija huharibu shabaha. Si kweli, kazi ikiwa safi. Tena mifuo ya .303 huzunguka mara moja kila inchi 10, ilhali ya .22 kwa kawaida ni kila inchi 16. Mrija huja na mzunguko unaoifaa risasi yake.

Bunduki za .22 zilizolika zimepigwa kupita kiasi. Mara nyingi si kweli. Risasi ni laini na baruti ni kidogo. Adui wa bunduki za kabla ya miaka ya 1930 alikuwa dawa ya kuwashia yenye kloreti ya potasiamu, iliyoacha chumvi ndani ya kasiba, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa chumvi hufanya nini kwa chuma. Kilichosalimika na kutu kilimalizwa na ufito wa chuma wa kusafishia uliosukumwa vibaya kutoka mdomoni.

Ni kirisasi tu, hakidhuru. Uongo mtupu. Kina gramu 2.6 hivi, lakini hutoka kwa kasi ya takriban mita 330 kwa sekunde na kinaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Kinaua.

Inabaki bunduki ileile. Nusu kweli. Uzito, kitako na vilengeo hubaki karibu vilevile, ndiyo maana majeshi yaliipenda kwa mafunzo. Ila haitapiga .303 tena, na ikiwa ni bunduki adimu, wakusanyaji wataishusha bei.

Basi usimpelekee bunduki yako fundi wa kuchomelea mageti, hata akiapa kwamba bomba ni bomba. Kubadilisha aina ya risasi inayopigwa na bunduki ni jambo la kisheria. Anza kwa mamlaka inayotoa leseni, kisha mtafute fundi bunduki mwenye kibali.