Mama, Kisukari cha Mimba Hurudi

Mama msomaji, pengine katika mimba iliyopita ulipatwa na kisukari. Ukajifungua, ukapimwa, ukaambiwa sukari imeshuka. Sasa una mimba nyingine. Usiseme, "Yale yalikwisha." Karibu nusu ya akina mama waliopata kisukari cha mimba hukipata tena katika mimba nyingine.

Kwa nini hurudi? Mwilini mwetu kongosho hutengeneza insulini. Insulini huitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini itupe nguvu. Mimba inapokua, kondo la nyuma huizuia insulini kufanya kazi vizuri. Kongosho likishindwa kuongeza insulini ya kutosha, sukari hujaa katika damu. Huu si uchawi.

Sukari hiyo humfikia mtoto, naye hunenepa kupita kiasi. Hapa Lundo tunashangilia mtoto mkubwa. Lakini mtoto mkubwa mno huweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa. Tena, akishazaliwa, sukari yake huweza kushuka ghafla.

Basi ufanye nini?

Kwanza, nenda kliniki mara ujuapo kwamba una mimba. Mweleze mkunga habari za mimba iliyopita. Usingoje dalili, kwani mara nyingi hazipo. Pimwa damu mapema. Ikiwa ni nzuri, pimwa tena kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Pili, angalia chakula. Ugali wa muhogo usiuache, ila upunguze. Ongeza samaki, maharage na mboga za majani. Chai inywe bila sukari. Embe kula moja, si kapu zima. Lakini usishinde na njaa.

Tatu, tembea kila siku, kama mkunga hakukukataza.

Nne, ukipewa dawa au sindano za insulini, fuata maelezo.

Tano, jifungulie hospitali, kwa mfano Liuli. Wewe baba, weka akiba ya nauli mapema. Usingoje uchungu uanze usiku, ziwa likiwa limechafuka.

Ukishajifungua, mnyonyeshe mtoto katika saa ya kwanza. Kapimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, na baadaye mara kwa mara. Kisukari cha mimba kikiisha, kile cha kudumu huweza kuja miaka ya mbele. Mama anayepima hukiona mapema.